Kikombe Kisicho na Uchungu

Wasim alimeza. Akameza tena. Akakishusha kikombe mezani kikiwa nusu, akajifuta mdomo kwa leso yake nyeupe, na uso wake haukukunjamana hata kidogo.

"Mashaallah! Mwanaume huyo!" akapiga ukelele shangazi yake, Bi Nabilah, na vigelegele vikajaa sebule yetu ya Kansanga.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia ya sambusa, machozi yananilengalenga kama mjinga. Maana nilimjua huyu mwanamume. Wasim wangu ana lori la kubebea matoke na mabega ya kubebea dunia, lakini uchungu unamshinda. Hata kidonge cha kichwa anakimeza kwa asali. Siku tuliyokutana alikuja na homa kwenye meza ya mama yangu pale soko la Kalerwe, Mama akampa mululuza, yale majani machungu ya homa ambayo Kampala nzima inayajua, akaonja, akayatema yote juu ya viatu vyangu. Nilimtukana. Akacheka huku anatetemeka kwa baridi, akanitazama kwa macho yake mekundu, akasema, "Nyabo, bibie, viatu nitakununulia vingine, lakini hiyo kitu yenu usinipe tena." Nikampenda papo hapo, Mungu anisamehe, mtu mwenye mate ya kijani kidevuni.

Mama hakusahau. Alipoambiwa kwamba kuna kijana wa Mbuya anataka kuleta posa, aliuliza swali moja tu: "Yule aliyenitemea dawa?" Kisha akataja mila yetu, akisisitiza kila neno.

Waswahili wenzetu wa pwani hawaijui mila hiyo. Tumeipata hukuhuku kwa bibi yangu mzaa mama, na imetukaa. Anayeoa binti wa ukoo wa bibi huenda nyuma ya nyumba, akachuma mululuza kwa mkono wake kwenye mti alioupanda bibi mwenyewe. Huja kuyaponda majani kwenye kinu mbele ya wanawake, akayachuja, akanywa nusu ya kikombe bila kukunja uso. Nusu iliyobaki hunywa mama mkwe, kisha husema, "Nimepokea." Ukikunja uso, unarudi kwenu, uje tena mwezi ujao. Marehemu baba yangu alirudishwa mara mbili, na mpaka anazikwa walikuwa wakimtania kwa hilo.

Sasa Mama alikuwa amekishika kikombe. Alisema bismillah, akanywa. Nilikuwa namtazama usoni, nikamwona akisita, kidogo tu, kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Kisha akamaliza, akakishusha kikombe, akatabasamu na wageni.

Bi Nabilah alisogea kwenye kochi, akisubiri lile neno. Baba mdogo Sulaimani, mdogo wake marehemu baba na mwalimu wa madrasa, naye alisubiri, ingawa yeye alisubiri kwa kununa. Hajawahi kumtaka Wasim. Wala hajawahi kuitaka kazi yangu.

"Chakula kwanza," Mama akasema. "Karibuni pilau. Rumaisa, njoo jikoni."

Akaufunga mlango wa jikoni kwa mgongo. Mama hajanipiga tangu nilipovunja ungo, lakini siku hiyo mkono wake uliinuka, ukabaki juu, ukashuka.

"Umenifanya mimi mtoto?"

"Mama, nimefanya nini?"

"Usiniulize umefanya nini!" Alikuwa ananong'ona, kwa ajili ya wageni, na kunong'ona kwake kulinitisha kuliko kelele. Akanisukumia kikombe kifuani. "Nusa."

Nikanusa. Mululuza ya bibi ina ukali unaokukaba koo hata kabla hujaonja. Hii ilinuka majani mabichi tu, na nyuma yake kitu kama ganda la muwa. Harufu hiyo naijua kuliko manukato yangu. Kila jioni narudi nayo nyumbani kwenye nguo.

Niseme wazi kazi yangu, maana mtaani wanasema mengi. Mimi ni mtafiti. Nabadilisha vinasaba vya mimea ya dawa. Tumeichukua mululuza, kwa mbegu kutoka mti huohuo wa bibi, tukagusa hapa, tukaongeza pale, mpaka majani yake yakawa na nguvu zaidi ya kupiga homa, na ule uchungu unaowatapisha watoto tukauondoa. Miche yangu inaishi kwenye banda la vioo lenye milango miwili, na kibali chetu kinasema hakuna hata jani litakalotoka mpaka vipimo vyote vimalizike. Hakuna binadamu aliyewahi kuionja. Hata mimi niliyeitengeneza sijaigusisha ulimi. Tumewapa panya. Panya, jamani! Na leo mtu wa kwanza duniani kuinywa alikuwa mchumba wangu, wa pili mama yangu mzazi, kwenye kikombe cha posa yangu.

"Mama, sikuileta mimi."

"Nani mwingine Kampala hii ana mululuza isiyo na uchungu? Ee? Nitajie!"

"Wallahi Mama..."

"Usiape! Umeunyofoa uchungu kwenye mti wa mama yangu, nikanyamaza. Nikasema mwanangu amesoma, anajua anachofanya. Baba yako mdogo akasema haramu, nikakutetea mbele ya watu, nikagombana na shemeji yangu kwa ajili yako. Haya ndiyo malipo? Unauleta mti wako ndani ya kikombe ili huyo mwoga wako apite? Ungeniambia tu, 'Mama, mwanaume wangu hawezi.' Ningemrudisha mwezi mmoja, kuna nini? Kuliko kunidharau hivi! Unanichekea moyoni huku nakunywa..."

Hakumaliza. Alishika ukingo wa meza. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, na vidole vyake vilikuwa vinatetemeka.

Mama ana kisukari. Asubuhi alikuwa amemeza vidonge vyake, na kwa pilikapilika za wageni hakuwa ametia kitu mdomoni tangu alfajiri. Mululuza hushusha sukari. Ile ya bibi huishusha polepole, miaka yote amekuwa akiinywa bila shida. Yangu inashusha kiasi gani? Sijui. Hakuna anayejua. Hicho ndicho tulichokuwa bado tunakitafuta.

Nikamkalisha kwenye kibao cha mbuzi, nikafungua soda ya wageni kwa meno.

"Kunywa, Mama."

"Sitaki kitu chako."

"Mama, kunywa!" Nilimfokea mzazi wangu, mimi. Nikamshika kidevu, nikamnywesha kama mtoto. Nikakimbilia kile kipimo chake chumbani, nikamtoboa kidole, nikaona namba, nikaogopa kuisoma kwa sauti. Nikamwongezea sukari mkononi, ailambe. Nikapiga magoti pale sakafuni na gauni langu la posa, nikamshika miguu, nikawa naomba kila dua niliyofundishwa na nyingine nilizozitunga hapohapo.

Rangi ilimrudia taratibu. Mikono ikatulia. Akanitazama chini nilipokuwa, na hasira yake ikawa imepungua kidogo.

"Kama si wewe," akauliza, "ni nani?"

Nilikuwa nimeshajua. Wiki ile Wasim alikuja kunichukua kazini, nikamwandikisha mgeni, nikamwingiza bandani nimwonyeshe wanangu. Nilijisifu, ndiyo. Nilimwambia, "Hii mtoto atainywa kama juisi." Akacheka, akasema, "Hata mimi?" Nikamwambia, "Hata wewe, mwoga wangu." Kisha nikaenda kunawa na kuvua mabuti, nikamwacha amesimama katikati ya miche na lile koti lake lenye mifuko mikubwa.

Nikafungua mlango wa nyuma.

"Wasim!"

Sikumwita kwa sauti ya mchumba. Nadhani hata majirani waliacha kula.

Akaja uani, bado anatabasamu, kanzu inang'aa chini ya koti lake lilelile, sambusa mkononi. Na mimi, pamoja na yote yaliyokuwa yakinichemka, nikaona jinsi kanzu ilivyomkaa, nikazidi kukasirika.

"Mpenzi, umeona nilivyoinywa? Shangazi anasema..."

"Geuza mifuko ya koti."

Tabasamu likafa. "Rumaisa."

"Geuza!"

Hakugeuza. Aliiweka sambusa kwenye ukuta wa kisima, polepole, kama mtu anayeweka silaha chini. "Vilikuwa vijiti vichache tu," akasema. "Vyenye majani. Nilipofika hapa kwenye mti nikatoa yale ya mfukoni, nikaja nayo kwenye kinu. Banange, jamani, sikufikiri kama..."

"Hukufikiri! Hapo umesema kweli."

"Nilijaribu, Rumaisa! Unafikiri sikujaribu? Nilikuwa nanunua mululuza Kalerwe, nachemsha, najizoeza peke yangu. Natapika. Kesho yake tena, natapika. Baba yako mdogo anatafuta sababu moja tu ya kunifukuza. Nikasema nikikunja uso leo, nimekupoteza. Nilifanya kwa ajili yako."

"Usinitwishe mimi wizi wako! Umeniibia kazi yangu, umemnywesha mama yangu kitu ambacho mimi mwenyewe sijakijua mwisho wake, unasema kwa ajili yangu?"

"Wewe mwenyewe ulisema ni dawa nzuri!"

"Nilisema nataka iwe nzuri! Unajua tofauti? Kutaka na kuwa, katikati pana miaka ya kupima, Wasim! Ndiyo maana nachelewa kurudi nyumbani. Ndiyo maana sipokei simu zako mchana. Mama ameanguka kwa kushuka sukari humo jikoni, sasa hivi, wakati wewe unakula sambusa. Ni mti wangu? Ni njaa? Ni vidonge? Sijui! Mimi niliyeutengeneza sijui!"

Uso wake ulibadilika wote. "Mama ameanguka?"

Alitaka kupita aende jikoni. Nikamzuia kwa kiganja kifuani, na moyo wake ulikuwa unagonga mkononi mwangu kwa nguvu. Miezi yote hii nilikuwa nikiusikiliza moyo huo kupitia simu, kupitia koti, kwa kuibia. Nilitaka kumzaba kofi na nilitaka kuegemeza kichwa pale. Sikufanya hata moja.

"Yuko salama," nikasema. "Usiende kumwomba radhi ili ujisikie vizuri. Baki hapa."

Kelele zilikuwa zimewatoa wengine. Bi Nabilah alikuja mbele, shela imeteleza begani, Baba mdogo nyuma yake akijipangusa mikono ya pilau. Ikabidi niseme yote upya, na kila niliposema, Bi Nabilah alishika mdomo.

"Haiya! Lakini mama, huyu mtoto yetu hakuna ubaya moyoni," akasema, akinishika mkono. "Ni mapenzi imemfanya mjinga. Mwanaume akipenda anakuwa mjinga, hata baba yake alikuwa hivyo."

"Mimi nilisema," Baba mdogo akadakia, kidole juu. "Nilisema tangu mwanzo. Mtu anachezea alichokiumba Mwenyezi Mungu, anaondoa uchungu aliouweka Yeye kwa hekima Yake, unategemea nini? Mti huo wako ndio umeleta fitina ndani ya nyumba hii."

"Baba mdogo, mti haujatembea wenyewe kuja hapa. Umebebwa mfukoni."

"Usinijibu hivyo!"

"Nakujibu kwa heshima yote. Watoto wangapi wa Kalerwe nimewaona wanatapika dawa ya Mama mpaka homa inawapanda kichwani? Na mimi nilikuwa mmoja wao, wewe ulikuwa unanishika pua ninywe. Nilitaka wapone, basi. Lawama zangu nitazibeba, ila za mtu mwingine sibebi."

Sikuwahi kumjibu Baba mdogo maisha yangu yote.

Nikamgeukia Wasim. Kuna swali nilikuwa nimelikwepa kwa sababu niliogopa jibu lake.

"Vijiti umeweka wapi?"

"Vijiti gani?"

"Majani umeponda. Vijiti vyake viko wapi?"

"Aa, hivyo. Nilivitupa. Juzi nilipoyapukuchua majani garini nikavitupa kwenye mtaro, pale chini kwenye kona ya Barabara ya Ggaba."

Juzi usiku ilinyesha mvua ya kufunika magari. Na mululuza, mtu yeyote aliyewahi kuipanda anajua, haihitaji kubembelezwa. Kijiti kikigusa tope, kimeota. Mtaro ule unashuka mpaka kwenye kinamasi huko chini, ambako watu wanalima magimbi na kuchuma mboga. Miche yangu, ambayo sijui kama inaponya au inaua, ilikuwa imeshajiondokea.

"Ni vijiti tu," Wasim akasema kwa sauti ndogo.

"Vinaota, Wasim. Vikichanua vitachanganyika na mululuza za watu. Mama mwingine atachuma, atamchemshia mtoto, na haitakuwa chungu, mtoto ataomba tena na tena." Nikatoa simu. "Lazima niwaambie kazini."

"Subiri," ikasema sauti ya Mama.

Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, ameegemea mwimo, kinu kwapani. Alikuwa bado dhaifu, lakini macho yalikuwa yake yaleyale ya sokoni.

"Mchuma janga hula na wa kwao," akamwambia Wasim. "Mimi nimeshakula sehemu yangu. Sasa na wewe uchume. Safari hii nakutazama."

Wasim alivua koti, akalitupa juu ya ukuta wa kisima, akauendea mti wa bibi. Akachuma konzi, akamtazama Mama. Mama akasema, "Ongeza." Akachuma konzi nyingine. Akaponda mwenyewe amechuchumaa uani, maji ya kijani yakimrukia kanzu, akachuja kwa leso yake ileile, akasimama na kikombe kimejaa mpaka ukingoni.

Funda la kwanza lilimrudia puani. Alikohoa, akainama, machozi yakamtoka kweli, si ya mapenzi. Bi Nabilah akasema, "Yallah, mwanangu, yallah." Akanywa funda la pili. Uso wake ulikunjika wote, ukawa kama kitambaa kilichokamuliwa, mwili ukamtetemeka. Akatapika kando ya kisima. Akajipangusa kwa mkono wa kanzu, akanywa tena. Hakuna aliyecheka. Alikunywa nusu, akapitiliza, akanywa na nusu ya Mama, kwa sababu alijua Mama hawezi kunywa tena leo, mpaka kikombe kikawa kitupu. Kisha akakipeleka kwa mikono miwili.

"Mama, nilikudanganya," akasema, sauti imekwaruza. "Nilikuogopa kuliko nilivyokuheshimu. Nisamehe."

Mama alichungulia ndani ya kikombe. "Umekunja uso," akasema.

"Nimekunja, Mama."

"Umekunja vibaya sana. Sijawahi kuona." Na pembe ya mdomo wake ikasogea. "Angalau sasa najua uso wako wa kweli ukoje. Nimepokea."

Bi Nabilah akaachia vigelegele. Hata Baba mdogo akatikisa kichwa na kusema, "Basi, yaliyopita yamepita." Na Wasim akanigeukia. Kanzu imeharibika, pua inachuruzika, macho mekundu kama siku ile ya kwanza, na anacheka. Alikuja mpaka karibu yangu, karibu kuliko inavyofaa mbele ya wazee, akaushika mkono wangu ulioshika simu. Kiganja chake kilikuwa cha moto. Mwili wangu wote ulimsogelea kabla sijauambia kitu.

"Yameisha, mpenzi," akasema polepole. "Mama amepokea. Hiyo simu ya nini sasa? Vijiti vichache kwenye mtaro. Nani atajua?"

Nilisubiri aseme kwamba anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa ananitazama kwa mapenzi matupu, na alikuwa ananiomba uongo.

"Mimi," nikasema.

"Rumaisa..."

"Mimi nitajua, Wasim! Kila nikiona mwanamke amebeba mtoto mwenye homa nitajua. Kila nikilala pembeni yako nitajua. Umeomba radhi kwa kumdanganya Mama, bado hata mate hayajakauka, na unataka tuanze uongo mwingine, safari hii wa wawili?"

"Watakufukuza kazi! Nakulinda wewe!"

"Nani kakuomba? Ulinilinda dhidi ya Baba mdogo, ona tulipofika. Usinilinde tena."

Nikaondoa mkono. Nikapiga simu, nikaweka sauti kubwa, kila mtu asikie, kwa sababu sikutaka baadaye mtu aniambie hakujua gharama yake. Profesa Nabangala, mkuu wangu, alipokea akiwa na furaha, maana alijua ni siku ya posa yangu. Furaha hiyo niliikata mimi mwenyewe. Nikamweleza kila kitu: majani, kikombe, sukari ya Mama, mtaro, mvua.

"Unajua maana yake, Rumaisa," akasema Profesa.

"Najua, Profesa."

"Mpeleke mama hospitali leo hii, na huyo kijana naye apimwe. Nitatuma watu waufuate huo mtaro mpaka mwisho. Na kibali kimekwisha, binti yangu. Kesho tunaing'oa miche yote, tunachoma. Yote." Sauti yake ilikatika kidogo. "Nataka na jina la aliyeitoa."

Nilimtazama Wasim. Alikuwa amesimama na mikono imening'inia, na nafikiri ni hapo tu, kwa mara ya kwanza, alipoelewa alichochuma siku ile. Miaka yangu yote. Mbegu za bibi, siku nilizolala kazini, vilio nilivyomlilia yeye kwenye simu mche ulipokufa, kicheko nilichomchekea ulipopona.

"Jina atalitaja mwenyewe," nikasema, nikamnyooshea simu.

Aliitazama. Bi Nabilah akasema, "Wasim, usi..." lakini Mama akamshika bega, akanyamaza. Kama angerudi nyuma hatua moja tu, ningemrudishia posa yake pale pale, na ningelia mpaka nizeeke, na nisingemwita tena.

Akaichukua simu.

"Profesa," akasema, na sauti ilimtetemeka vibaya kuliko alivyotetemeka kwa dawa. "Ni mimi. Naitwa Wasim Mubarak, nakaa Mbuya. Niliiba. Yeye hakujua. Tafadhali andika hivyo, kwamba yeye hakujua."

Simu ilipokatika, Baba mdogo aliingia ndani, na nikamsikia anawaza kwa sauti gari gani litampeleka Mama hospitali. Bi Nabilah akamshika Mama mkono, wakaondoka pamoja. Tukabaki wawili uani, na kinu katikati yetu.

"Umenikasirikia sana," Wasim akasema.

"Sana. Hujaona hata nusu."

"Na posa?"

"Mama amepokea. Mimi sijasema neno."

Akameza mate, machungu bila shaka. "Niambie nifanye nini."

Nilikuwa nalia sasa, kwa hasira, sikujali. Nikaliokota koti lake ukutani, nikamtupia kifuani.

"Kesho asubuhi uje kazini kwangu, nitakuandikisha mgeni kama siku ile. Uje na jembe. Utaing'oa wewe, kwa mikono yako, mche mmoja mmoja, wanangu wote, na mimi nitakuwa nimesimama nakutazama. Ukimaliza wa mwisho, inua kichwa. Ukinikuta bado nimesimama hapo, niulize tena."